Hatua za kuchukua mtambo wa majitaka unapokiuka viwango vya leseni

MTAMBO wa kusafisha majitaka hufanya kazi yake kimya kimya, na wengi hawaukumbuki hadi siku mto unapobadilika rangi na samaki kuelea juu wakiwa wamekufa. Viwango vya uchafu vinapozidi vile vilivyoruhusiwa, ni hatua za siku chache za kwanza ambazo huamua iwapo dosari hiyo itarekebishwa au itageuka kuwa janga.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inamtaka anayemwaga majitaka katika mazingira awe na leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka viwango vya maji hayo. Uchafu unaoelea haukupaswa kuzidi miligramu 30 katika kila lita. Kiasi cha oksijeni ambacho viini huhitaji ili kuozesha uchafu kwa siku tano pia kiliwekewa kikomo cha miligramu 30. Viini vya E. coli, ambavyo ni ishara ya kinyesi, havikutakiwa kuwemo kabisa.

Viwango vya namna hii vina sababu. Uchafu mwingi ukiingia mtoni, viini vinavyouozesha humaliza oksijeni na samaki hukosa hewa. Viini vya kinyesi navyo huweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo kwa wanaochota maji hayo au kuyanyunyizia sukuma wiki.

Mfano wa umuhimu wa jambo hili ni mtambo wa Dandora ulioko Ruai, mashariki mwa Nairobi, ambao husafisha majitaka ya jiji kwa msururu wa mabwawa. Maji yakitoka huko huingia katika Mto Nairobi, ambao hujiunga na Mto Athi. Athi nao huitwa Galana na hatimaye Sabaki, kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Kwa hivyo, kosa la mtambo mmoja haliishii kwenye ua wake.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha matokeo ya maabara. Msimamizi hukagua iwapo sampuli ilihifadhiwa kwenye baridi na iwapo vyombo vya kupimia vilikuwa sawa, kisha huchukua sampuli nyingine. Hata hivyo, sampuli ya pili haifuti ya kwanza. Zote mbili huwekwa katika rekodi. Aidha, kwa kuwa kipimo cha siku tano huchelewa, inafaa kutumia vipimo vya haraka zaidi. Kile cha kuchoma uchafu kwa kemikali huchukua saa chache tu, ilhali oksijeni iliyomo majini hupimwa papo hapo.

Pili ni kuarifu mamlaka bila kukawia. Kanuni za 2006 zilimtaka mwenye leseni kuwasilisha rekodi zake kila robo mwaka, lakini mkulima aliye upande wa chini wa mto hawezi kungoja miezi mitatu ndipo ajue kwamba maji anayotumia yamechafuka. Yeye pia anastahili kuonywa.

Tatu ni kutafuta chanzo. Huenda kichinjio au kiwanda cha ngozi kimemwaga uchafu mkali katika mabomba, ama mvua kubwa imejaza mabomba hayo na kuyasukuma maji mabwawani kwa kasi. Huenda pia tope limejaa katika bwawa la kwanza na kupunguza nafasi ya maji kutulia. Rangi nayo husema mengi: bwawa la kati lenye afya huwa kijani kwa sababu ya mwani, ilhali likigeuka kijivu, jeusi au waridi huenda limezidiwa na uchafu. Lakini mwani huo huo ukitoka kwa wingi na maji ya mwisho, huongeza uchafu unaoelea.

Nne ni kupunguza madhara. Maji yanaweza kugawanywa katika mabwawa mengine, bwawa lililolemewa likapumzishwa, na malori ya kunyonya majitaka yakazuiwa kwa muda. Mafundi hufuata mabomba kuelekea juu, wakipima katika kila kiungo, hadi wamfikie anayemwaga uchafu kinyume cha masharti.

Mwisho ni tiba ya kudumu: kuondoa tope kwa ratiba, kuvilazimisha viwanda kusafisha maji yao kabla ya kuyaachilia, na kupanua mtambo idadi ya watu inapoongezeka. Kila hatua iandikwe pamoja na tarehe yake, kwani wakaguzi wakifika watataka kujua tatizo lilijulikana lini na ni nini kilifanywa.

Faini na hofu ya kupoteza leseni huwashawishi baadhi ya wasimamizi kuficha matokeo mabaya. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na mto hauwezi kufichwa. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kilio humfichua.