Ua wa Nyuma: Majengo ya Kale ya Lubumbashi na Ushahidi wa Kiswahili

Majengo ya kale ya Lubumbashi huelezwa kwa kawaida kwa kuwataja walioamuru yajengwe na waliochora ramani zake. Mji huo, ambao tangu kuasisiwa kwake mwaka 1910 hadi mwaka 1966 uliitwa Elisabethville, huhusishwa kwanza na Emile Wangermée, mtawala wa Kibelgiji wa Katanga, ambaye makazi yake ni miongoni mwa majengo ya awali kabisa. Hufuata kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, sinagogi la mwaka 1929 lililosanifiwa na Raymond Cloquet, na jumba la maonyesho la mwaka 1956, kazi ya Claude Strebelle, ambalo baadaye lilifanywa makao ya bunge la jimbo.

Orodha hiyo ni sahihi, ila inautazama mji kutoka barabarani tu. Watawala walitenga mtaa wa Wazungu na wa Waafrika kwa ukanda usiojengwa. Ng'ambo yake ndipo ilipokua Kamalondo. Hata hivyo, utengano huo ulivunjwa na nyumba zenyewe. Mbele ya kiwanja palikuwa na baraza, sebule na bustani. Nyuma ya ua palikuwa na chumba cha boi, yaani mtumishi Mwafrika. Mtu aliyezuiwa kuwa mkazi wa mtaa alilala humo kila usiku, kwa kuwa pasipo mikono yake nyumba isingekalika.

Watumishi hao wameacha ushahidi, nao uko katika Kiswahili. Mwaka 1965 André Yav alitunga *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Humo historia ya mji husimuliwa na wale waliopika, waliofua na waliosikia mazungumzo ya mezani. Lugha yake ni Kiswahili cha Katanga, chenye maneno mengi ya Kifaransa na tahajia isiyofuata kanuni za usanifu. Msomi atakayekipuuza kwa kukiita Kiswahili kibovu atakuwa amejifungia nyaraka za mji mzima.

Jambo hili lina uzito kwa uhifadhi pia. Nyumba kubwa ina mchoro, picha na jina la mwenyewe. Chumba cha nyuma aghalabu hakina hata kimoja. Kikibomolewa, kinachosalia ni maneno ya waliokiishi. Kwa hiyo anayeorodhesha majengo ya kihistoria ya Lubumbashi hana budi kuchora kiwanja kizima, kuanzia lango la mbele hadi ukuta wa nyuma, na mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa kukusanya msamiati na masimulizi ya ua ule. Kazi hizo mbili zikitenganishwa, utengano wa kikoloni utaendelea kudumu ndani ya kumbukumbu, ingawa ulikwisha kuondolewa katika sheria.