Ng'ambo ya Dniester: ukanda usiotambuliwa ulioishi kwa gesi ya Urusi

Kutoka Chisinau, mji mkuu wa Moldova, hadi Tiraspol ni kilomita 70 hivi, na basi dogo huzimaliza kwa chini ya saa mbili. Njiani, kabla ya kuingia mji wa Bender, basi husimama. Maofisa wenye sare hukagua pasipoti bila kuigonga muhuri, kisha humpa mgeni kikaratasi kinachoonyesha mwisho wa muda wake wa kukaa. Kwa sheria ya kimataifa msafiri huyo hajatoka Moldova. Hata hivyo mbele yake wapo polisi wengine, bendera yenye nyundo na mundu, na ruble za huko ambazo benki za nje hazizibadilishi, baadhi yake zikiwa sarafu za plastiki.

Hiyo ndiyo Transnistria, ukanda mwembamba uliobanwa kati ya mto Dniester na mpaka wa Ukraine. Hakuna hata mwanachama mmoja wa Umoja wa Mataifa anayeitambua kuwa nchi, hata Urusi inayoilinda haiitambui. Wageni wengi huja kupiga picha ya sanamu ya Lenin mbele ya jengo la Baraza Kuu la Tiraspol na kifaru cha T-34 kilichowekwa juu ya jukwaa, wakarudi kwao kusimulia kwamba wameuona Umoja wa Kisovieti ukiwa hai. Simulizi hiyo inawadhulumu wenyeji. Yaliyowafikisha hapo ni mstari wa ramani na bomba la gesi, na yote mawili yana historia inayofuatika.

Mwaka 1924 Moscow ilianzisha jamhuri ndogo ya Kimoldova yenye mamlaka ya ndani, ikiwa sehemu ya Ukraine ya Kisovieti. Makao yake yalikuwa Balta, na kuanzia 1929 yakawa Tiraspol. Shabaha ilikuwa upande wa pili wa mto, yaani Bessarabia, iliyokuwa chini ya Romania tangu 1918 na ambayo Wasovieti walikuwa wakiidai. Baada ya mkataba wa siri wa Hitler na Stalin wa Agosti 1939, Jeshi Jekundu liliingia Bessarabia Juni 1940. Agosti mwaka huo sehemu yake kubwa iliunganishwa na ukanda wa mashariki ya mto, ikazaliwa Jamhuri ya Kisovieti ya Moldova. Watu wa kingo mbili zenye malezi tofauti wakajikuta ndani ya mpaka mmoja bila kuulizwa.

Baada ya vita, viwanda vizito vilijengwa zaidi mashariki ya mto: kituo kikubwa cha umeme cha Cuciurgan, na baadaye kiwanda cha chuma cha Rybnitsa. Wafanyakazi walitoka pia Urusi na Ukraine, na Kirusi kikawa lugha ya kazini. Kwa hiyo Bunge la Chisinau lilipopitisha, Agosti 1989, sheria ya kukifanya Kimoldova kwa herufi za Kilatini kuwa lugha ya taifa, viwanda vya Tiraspol viligoma. Tarehe 2 Septemba 1990 viongozi wa huko walitangaza jamhuri yao. Hata Gorbachev aliikataa.

Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, mipaka ya ndani ya jamhuri zake ikachukuliwa kuwa mipaka ya mataifa. Msomaji wa Afrika anaifahamu kanuni hiyo: ndiyo iliyopitishwa na wakuu wa nchi za OAU mjini Cairo mwaka 1964 kuhusu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Imeepusha vita vingi. Kwenye Dniester haikuviepusha.

Mapigano makubwa yalianza Machi 1992, na yakafikia kilele Juni ndani ya mji wa Bender, nyumba kwa nyumba. Mamia ya watu walikufa. Jeshi la 14 la Urusi, lenye makao Tiraspol na wakati huo chini ya Jenerali Alexander Lebed, liliegemea upande wa Tiraspol, na tarehe 21 Julai mkataba wa kusimamisha vita ulisainiwa Moscow. Walinda amani waliowekwa wakati huo, wakiwamo Warusi, bado wapo. Mwaka 1999, mjini Istanbul, Urusi iliahidi kuondoa askari na silaha zake, lakini ghala la Cobasna, ndani ya ukanda huo, bado lina maelfu ya tani za risasi na mabomu.

Walioumia kimyakimya ni watoto. Mwaka 2004 utawala wa Tiraspol ulizifunga kwa nguvu shule zilizofundisha kwa herufi za Kilatini. Miaka minane baadaye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Urusi ndiyo inayobeba dhima ya kitendo hicho.

Utawala huu uliishi kwa gesi ambayo Urusi iliileta bila kulipwa. Gesi hiyo ilizalisha umeme uliouzwa Moldova, ikaendesha viwanda, ikapasha nyumba joto. Kampuni ya Sheriff, iliyoanzishwa 1993, ilipanuka katika maduka makubwa na vituo vya mafuta, ikawa pia na klabu ya mpira. Septemba 2021 klabu hiyo, ikiwa na Edmund Addo wa Ghana na Adama Traoré wa Mali, iliifunga Real Madrid 2–1 kwao Bernabéu. Iliingia mashindano hayo ya Ulaya kama bingwa wa Moldova.

Tarehe 1 Januari 2025, baada ya mkataba wa kupitishia gesi Ukraine kwisha, bomba lilikauka. Nyumba zilikosa joto na maji ya moto katikati ya baridi kali, umeme ukawa wa mgawo, viwanda vikasimama. Wazee waliolelewa katika nchi iliyojisifia viwanda walikata kuni. Gesi iliporudi Februari ilipitia Moldova, na msaada wa dharura wa kwanza, euro milioni 20, ulitoka Umoja wa Ulaya.

Mpaka wa Ukraine umefungwa tangu 2022, na tangu Januari 2024 Chisinau inazitoza kampuni za Transnistria ushuru wa forodha. Wakazi wengi wana pasipoti ya Moldova, wengine ya Urusi au Ukraine. Chisinau sasa ina nguvu ambayo haikuwa nayo kwa miaka 30, na namna itakavyoitumia kwa wastaafu na wafanyakazi wa viwandani itawaonyesha watu hao iwapo inawahesabu kuwa raia wake.