Chuo Kikuu na Jasho la Mfanyakazi: Somo la Dar es Salaam, 1966 hadi 1976

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao mekundu. Walipinga mpango wa Serikali wa kuwapeleka wahitimu Jeshi la Kujenga Taifa: miezi 5 kambini, kisha miezi 18 ya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Mojawapo ya mabango yao lilidai kwamba zama za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, akawajibu kwa ghadhabu, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanafunzi zaidi ya 300 walifukuzwa na kurudishwa makwao. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa ajili ya ile ghadhabu. Binafsi hukirejea kwa sababu ya mshahara. Kwa mara ya kwanza nchini, msomi aliulizwa hadharani ni jasho la nani linalomlipa, na ana deni gani kwa mwenye jasho hilo. Hatuna budi kukiri pia kwamba wanafunzi hawakuwa wajinga kabisa. Walisema wazi kwamba mawaziri nao walikuwa wakilipwa vizuri mno, na Mwalimu, kwa kujikata mshahara, alikiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito.

Leo tunapozungumza juu ya vyuo vikuu kuchangia ajira yenye staha na uchumi unaodumu, mazungumzo huishia kwenye mitaala, ujasiriamali na vituo vya ubunifu. Sivipuuzi. Lakini muongo uliofuata maandamano yale ulijaribu mambo mazito zaidi, na wengi wetu tunaofundisha katika vyuo hivi tumeyasahau.

La kwanza lilikuwa sheria. Chuo kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Mwaka 1967 kitivo hicho kiliunda Kamati ya Msaada wa Sheria, ambapo walimu walitoa ushauri kwa watu wasioweza kumlipa wakili. Tukumbuke hali ilivyokuwa. Tangu mwaka 1964 kulikuwa na sheria ya kumlinda mfanyakazi asifukuzwe ovyo, lakini iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kuli wa bandarini hakuisoma. (Ilitubidi kungoja hadi mwaka 2021 ndipo Kiswahili kitamkwe rasmi kuwa lugha ya sheria zetu.) Haki isiyosomeka inahitaji msomaji, na chuo kilikubali kuwa msomaji huyo.

La pili lilikuwa utafiti. Idara ya Historia iliacha kuhesabu magavana ikaanza kuwatazama watu wa kawaida. John Iliffe, aliyefundisha hapo, aliandika historia ya wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam na migomo yao, ukiwamo ule wa Septemba 1947 ulioanzia gatini na kusambaa bara kwa kufuata njia ya reli. Walter Rodney naye alikuwa akifundisha Mlimani kitabu chake kikuu kilipotoka mwaka 1972. Kisha ukaja Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na kiburi, ufujaji na uonevu. Wafanyakazi waliishika ibara hiyo kwa mikono miwili. Kati ya mwaka 1971 na 1973 viwanda kadhaa vilisimama, mara nyingi si kwa kudai nyongeza ya mshahara bali kwa sababu meneja amemtukana mtu. Juni 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika hatua ya kukitwaa kiwanda chenyewe.

Nani aliyaandika haya yalipokuwa yakitokea? Vijana wa chuo. Henry Mapolu alihariri kitabu juu ya wafanyakazi na menejimenti, na Issa Shivji akaandika juu ya mapambano ya kitabaka nchini. Vyote viwili vilitoka mwaka 1976. Uchumi usiomsikiliza mzalishaji hukwama, na wao waliliona hilo kabla ya mashirika ya umma kuanza kuyumba. Dola haikuwashukuru. Jarida lao la wanafunzi, Cheche, pamoja na umoja uliokuwa nyuma yake, lilikuwa limekwisha kupigwa marufuku mwaka 1970. Chuo kinachotetea kazi yenye haki kitamuudhi mwajiri, na kwa wakati ule mwajiri mkuu alikuwa Serikali.

La tatu, Azimio la Musoma la mwaka 1974, nitalipitia kwa haraka, kwa kuwa lilidumu kidogo: kijana wa kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha aje chuoni na barua njema kutoka kwa mwajiri na kwa tawi la chama. Barua ya chama ilikuwa kosa, kwa maoni yangu, kwani ilimfundisha kijana unyenyekevu pasipostahili. Ila darasa lenye watu waliowahi kupokea mshahara wa mwisho wa mwezi hujadili sheria ya kazi kwa namna nyingine kabisa.

Na sasa? Mhitimu wa leo hakatwi asilimia 60. Tangu mwaka 2016 anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kulipa mkopo wa elimu ya juu, iwapo amebahatika kuwa na mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inafundishwa vizuri, na wanafunzi wangu wanaijua vifungu kwa vifungu. Kifungu cha 15 (namba ileile ya Mwongozo, kwa sadfa) kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi anapoanza kazi.

Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, mama anayedeki ukumbi wa mihadhara ameajiriwa na kampuni ya usafi iliyoshinda zabuni. Siku moja, baada ya kipindi juu ya kifungu hichohicho, nilimuuliza kama anayo nakala ya mkataba wake. Aliegemeza fagio ukutani, akafikiri kidogo, akanijibu kwa adabu: “Mwalimu, huo uko ofisini kwa kampuni. Sisi tulipewa sare.” Mhasibu wa chuo aliponionyesha mkataba wa zabuni, nilikuta kurasa nzima juu ya aina ya sabuni. Juu ya ujira wa wanaoitumia hapakuwa na neno, wala sharti lolote ambalo chuo kingeweza kuliweka bila kuomba ruhusa kwa yeyote.