Bibi wa Sham na Barua Zake: Elimu Haina Umri



Wiki chache zilizopita tulikuwa kwenye shughuli ya kumsinga bi harusi mmoja hapa mjini. Liwa imeshasagwa, asumini zinatungwa, na somo wa bi harusi, mama wa miaka 61 anayeheshimika mtaa mzima, amekaa pembeni na simu yake sikioni. Tukadhani anasikiliza sauti za jamaa zake wa Muscat. Kumbe anasikiliza darasa. Amejiandikisha kusoma kwa masafa, na mtihani u karibu. Mabinti wakacheka. Mmoja akamuuliza, "Somo, na umri huu, usome ili iwe nini?" Yule mama akatabasamu, akaizima simu, na hakuiwasha tena mpaka tunaondoka.

Kimya kile kilitukaa rohoni. Mwanamke ambaye tunamwita somo kwa sababu anatufundisha, tumemtia haya kwa kuwa naye anajifunza. Ndipo tukaona leo turudi nyuma kidogo kwenye historia, maana mambo haya mawili, mtu mzima kusoma na kusoma kwa mbali, si mageni katika dini yetu wala katika pwani yetu.

Waliosoma wakubwa

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipoteremshiwa amri ya kwanza, ile ya kusoma, alikuwa na miaka 40. Masahaba wengi waliingia katika Uislamu wakiwa watu wazima, wenye nyumba na watoto, na elimu yao yote ya dini waliipata ukubwani. Bi Hafsa (R.A.), mke wa Mtume, alifundishwa kuandika na Bi Shifa bint Abdullah, na imepokewa kuwa Mtume alimtaka Bi Shifa aendelee kumfundisha. Mwanafunzi huyo alikuwa mke wa mtu, na aliyemtakia masomo ni mumewe. Bi harusi, liweke hilo moyoni.

Bibi Zaynab bint al-Kamal

Sasa tumjue bibi wa Sham. Zaynab bint al-Kamal alizaliwa mwaka 1248 katika ukoo wa wanazuoni wa Kihanbali, mjini Damascus. Udogoni aliugua macho. Hakuolewa, na aliishi mpaka mwaka 1339.

Zama hizo kulikuwa na utaratibu wa ijaza, yaani ruhusa ya mwalimu kwa mwanafunzi kusimulia hadithi na vitabu alivyovipokea. Ijaza bora ilikuwa ya kukaa mbele ya mwalimu na kumsikia. Lakini njia zilikuwa ndefu, na wanawake na watoto hawakuweza kuzunguka miji yote. Basi watu wakaandika waraka wa maombi, wakaorodhesha majina ya wanaoomba, ukabebwa na msafiri au msafara hadi kwa mashekhe wa mji mwingine. Shekhe akiridhika, anaandika ruhusa yake na waraka unarejea. Kwa njia hii Zaynab, akiwa mtoto mchanga, alipata ijaza za wanazuoni wa miji ya mbali, hadi Baghdad, akiwemo mwanamke mwenzake, Ajiba. Ruhusa ikatangulia, usomaji ukafuata.

Mwaka 1258 Wamongolia waliivamia Baghdad, wakaua watu wasio na idadi na kuharibu maktaba zake. Zaynab alikuwa na miaka kama 10. Zile karatasi zilizokwisha kufika Damascus zikawa na thamani kubwa, maana walioziandika walikuwa wakiondoka mmoja mmoja.

Hapa ndipo uzee unapopata heshima yake. Katika elimu ya hadithi, kadiri mnyororo wa wapokezi unavyokuwa na watu wachache baina yako na Mtume, ndivyo unavyopendwa zaidi. Bibi wa miaka 80 aliyepewa ijaza utotoni na shekhe mzee anaunganisha vizazi ambavyo kijana hawezi kuviunganisha. Kwa hiyo Zaynab alivyozidi kuzeeka, ndivyo wanafunzi walivyozidi kumjia. Mwanahistoria al-Dhahabi, aliyeishi zama zake, ameeleza kuwa alikuwa na vitabu vya kubebesha ngamia, na kwamba alikuwa mpole mwenye subira, akisomewa sehemu kubwa ya mchana huku wanafunzi wamemjaa. Alipofariki, wanazuoni walihesabu kuwa watu wameshuka daraja moja katika mnyororo huo.

Kutoka Damascus hadi Mombasa

Mwaka 1326 msafiri kijana kutoka Tangier alipita Damascus na kupata ijaza kwa bibi huyu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 78. Kijana huyo ni Ibn Battuta. Miaka mitano baadaye, mwaka 1331, alifika pwani yetu. Alilala usiku mmoja Mombasa, akawasifu watu wake kwa ucha Mungu na misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri, kisha akaendelea hadi Kilwa. Mwanafunzi wa bibi kizee wa Sham alisali katika misikiti ya Waswahili.

Hapa kwetu Unguja, karne ya 19, wasichana wa nyumba kubwa walifundishwa kusoma Qur'ani lakini si kuandika. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, amesimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Hakuwa na mwalimu mbele yake, alikuwa na kitabu na hamu tu.

Baadaye posta na redio zikafanya kazi ya ule msafara. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wanafunzi wa nje mwaka 1858. Kwa upande wa Bara, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina kituo mpaka hapa Zanzibar. Mama anaweza kusoma usiku wajukuu wakishalala, bila kuhama nyumba yake.

Tunalowaomba

Kwa bi harusi: masomo yazungumzwe kabla ya nikaha, si baada ya fungate. Mwanamke anaweza kuweka sharti la kuendelea na masomo, mume akalikubali mbele ya mashahidi. Ni bora kuliko kunung'unika miaka 20.

Kwa mabinti: mama akisema anataka kusoma, usimuulize ili iwe nini. Mtilie bando. Saa ya darasa lake osha vyombo wewe. Macho yakimsumbua, msomee kwa sauti, kama walivyofanya wanafunzi wa Bibi Zaynab.

Nasi tulirudi kwa somo wetu kumuomba radhi. Tulimkuta amekwisha amua kuuacha ule mtihani. Tukakaa naye barazani, tukamhadithia haya yote. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Na huyo bibi naye alikuwa na macho mabovu?" Tukamwambia ndiyo, tangu udogoni. Akamwita mjukuu wake amletee miwani.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, awape afya mama zetu, na awabarikie bi harusi wetu. Aamin.