Jino la Pembe na Pengo la Historia

Wahenga walituachia neno: jino la pembe si dawa ya pengo. Neno hilo hunijia kila nilikumbukapo pango la Kuumbi, kule Jambiani, kisiwani Unguja. Humo wachimbuzi walikuta mabaki ya punda milia na ya nyati, wanyama ambao Mzanzibari wa leo huwaona kwa kuvuka bahari.

Mtu wa Mvumi, wilayani Kilosa, hatastaajabu, kwani Mikumi si mbali naye, na makundi ya wanyama hao hulisha humo hata sasa. Zamani Unguja nayo ilikuwa sehemu ya bara hilohilo. Bahari ikapanda, na yapata miaka 10,000 iliyopita kisiwa kikatengana na bara. Wanyama wale wakubwa wakabaki ng'ambo ya pili ya maji, na katika milenia zilizofuata wakatoweka.

Katika mabaki ya namna hiyo, shahidi mkuu ni jino. Mfupa huvunjika na kuoza. Enameli ya jino ni ngumu kuliko kitu chochote mwilini. Gego la punda milia ni refu, na enameli yake hujikunja mikunjo mingi. Gego la nyati huonyesha mfano wa miezi miandamo. Hapo hapana mgogoro. Mgogoro huja kwa ndugu wa karibu, kwani gego la nyati na la ng'ombe yana miezi ileile.

Tena jino husema mnyama alikula nini kwa uwazi zaidi kuliko kusema alizaliwa na nani. Mwaka 1833 Charles Darwin alinunua huko Uruguay fuvu la Toxodon, mnyama mkubwa aliyekwisha toweka. Mtaalamu Richard Owen alipoyatazama meno yake aliona yanafanana na ya jamii ya panya. Ni mwaka 2015 tu ambapo protini zilizosalia mifupani zilionyesha kuwa jamaa zake ni farasi na vifaru.

Basi tuwe na subira na Kuumbi. Baada ya uchimbuzi wa 2005, Profesa Felix Chami alitoa hoja kwamba mifugo ilikuwapo kisiwani maelfu ya miaka kabla ya miji ya Waswahili. Wachimbuzi waliorudi pangoni mwaka 2012 hawakuikubali hoja hiyo. Najua kwa nini ilitupendeza: nani asiyependa kuambiwa kwamba nyumba yake ni kongwe kuliko alivyodhani?

Lakini watu walilitumia pango lile tangu takriban miaka 20,000 iliyopita, wakila wanyama wa mwituni. Ukongwe huo watosha, wala hauhitaji ng'ombe wa kuazima. Palipo na pengo katika historia yetu, na tuliache wazi hadi lipatikane jino lake lenyewe.