Kilti ya Waskoti na mganda wa Liuli: nani kasema sare si utamaduni?

Wadau, kuna zile video za matamasha ya Waskoti. Mijamaa ina ndevu, mabega kama mlango wa kanisa, halafu imevaa sketi. Kafe nzima inacheka, na mtu mmoja lazima aseme "wazungu nao wana mambo". Sasa kabla hujacheka zaidi, soma hii. Vazi hilo lina historia ndefu, na ukiifuata vizuri inakuleta mpaka huku kwetu mwambao wa Ziwa Nyasa, kwenye mganda.

Tuanze na lenyewe. Linaitwa kilti. Ni kitambaa cha sufu kizito, chenye mirabamiraba, na moja nzuri inakula kama mita 7 hivi. Nyuma kinakunjwa marinda mengi, mbele kinabaki bapa. Kwa vile hakina mifuko, mbele unaning'inia mkoba wa ngozi. Kuna soksi ndefu zinazoishia chini ya goti, na kwenye soksi kisu kidogo. Ile mirabamiraba inaitwa tartani, na siku hizi karibu kila ukoo una rangi zake.

Hiyo ndiyo ya kisasa. Ya zamani ilikuwa kitu kingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1500 watu wa milima ya kaskazini ya Uskoti walikuwa wanavaa blanketi moja kubwa, wakafunga mkanda kiunoni: chini linakuwa kama sketi, juu linapitishwa begani. Yaani lubega, bwana, hakuna jina lingine. Usiku mtu anafungua mkanda, analala nalo. Kwenye matamasha wapo wapenzi wa historia wanaovaa hiyo ya zamani, na kuvaa kwake ni kituko: unatandika mkanda chini, unalaza blanketi juu yake, unakunja marinda kwa mkono, halafu unalala chali juu yake na kujifunga. Ukisimama, ndiyo umevaa.

Sasa ile fupi ilitoka wapi? Maelezo yanayojulikana zaidi yanasema ilianza miaka ya 1720, na aliyeieneza ni Thomas Rawlinson, mwenye tanuru la kuyeyushia chuma. Aliona vibarua wake wanahangaika na blanketi zito karibu na moto, basi likakatwa, ikabaki nusu ya chini. Kinachowauma Waskoti ni kwamba Rawlinson alikuwa Mwingereza! Wengi hawapendi kabisa kuisikia hadithi hii, na wapo wanaobisha kwamba watu walishaanza kuvaa nusu ile kabla yake.

Halafu ikapigwa marufuku. Waasi wa milimani walishindwa vitani Culloden, Aprili 1746, na mwaka huohuo serikali ya London ikatunga sheria ya kukataza mavazi yao. Ukikamatwa mara ya kwanza, miezi 6 jela. Mara ya pili unapelekwa ng'ambo miaka 7. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782.

Lakini wanajeshi hawakuguswa. Vikosi vya watu wa milimani vilivyopigana chini ya mfalme wa Uingereza viliruhusiwa kilti, tena kama sare rasmi. Yaani miaka zaidi ya 30 ambayo mkulima alikuwa anafungwa kwa kuivaa, askari wa mfalme yuleyule alikuwa anatembea nayo kifua mbele. Jeshi ndilo lililoibeba na kuitembeza duniani pamoja na zumari zao za mfuko. Mwaka 1822 Mfalme George wa 4 alipozuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akapanga sherehe zima watu wavae kimilimani, hata wale wa mjini ambao babu zao walikuwa wanawadharau watu wa milimani. Ule utaratibu wa kila ukoo na tartani yake ulipangwa vizuri baada ya hapo, katika karne ya 19. Mwaka 1842 kilichapishwa hata kitabu cha tartani za "kale" ambacho baadaye kilionekana ni cha kughushi. Lakini wenyewe hawajaacha kuvaa ng'o.

Haya, sasa njoo Liuli.

Waskoti kwenye ziwa letu si wageni. Wamisionari wao walifika mwaka 1875 na boti iitwayo Ilala, wakajenga misheni ya Livingstonia upande ambao leo ni Malawi. Upande wetu walikuja Waanglikana wa UMCA, ila meli yao Chauncy Maples ilitengenezwa Glasgow, ikaletwa vipandevipande na kuteremshwa majini mwaka 1901. Kwa hiyo chuma cha Uskoti kimepiga honi sana kwenye mwambao huu.

Lakini wamisionari sio waliotuletea sare za kuchezea. Ni jeshi, kama kwa wale wa milimani. Miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa vijana wa Kiswahili walianza ngoma iliyoitwa beni, kutokana na bendi za jeshi: wanapanga mistari, wanavaa sare, wanapeana vyeo, na lazima kuwe na kikundi pinzani. Mombasa mahasimu waliitwa Kingi na Scotchi. Umesoma sawasawa, Scotchi, yaani Waskoti, vijana wa mjini waliojipamba kiskoti. Kwa hiyo anayedhani Mwafrika wa kwanza kuhusudu Uskoti ni Idi Amin na ule "ufalme" wake wa miaka ya 1970, amechelewa sana.

Beni ikasafiri bara na askari na wapagazi. Vita vya kwanza vya dunia vikaongeza kasi, na vita hivyo kwenye ziwa vilianzia hapahapa Liuli, enzi hizo Wajerumani wakiiita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jiwe linalofanana na sfinksi ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Vita vilipokwisha, watu walirudi vijijini na gwaride miguuni.

Kutokana na mambo hayo ndipo tunapata mganda, ambao upande wa pili wa ziwa wengine huuita malipenga. Wanaume wanasimama kwa mistari, mara nyingi kaptula na mashati meupe, soksi ndefu, viatu vinang'aa. Ngoma kubwa inapiga, na yale malipenga ya vibuyu, yenye utando mwembamba unaotetemeka, yanaimba kama bendi ya shaba. Kuna vyeo. Kuna kualikana kijiji kwa kijiji, wenyeji wanapika, wageni wanacheza mpaka vumbi linapanda. Kina mama nao wana kioda chao.

Na hapa ndipo kwenye ugomvi. Utasikia mtu anasema mganda "sio asilia", kwamba kaptula na soksi ni kuiga mkoloni, na ukitaka utamaduni vaa majani au ngozi. Vijana wakiambiwa hivyo wanaona aibu mara mbili: mjini wanachekwa washamba, jukwaani wanaambiwa sio Waafrika wa kutosha. Mimi hoja hiyo siikubali. Kwa kipimo hicho kilti ingetupwa zamani: inasemekana ilikatwa na Mwingereza, ikatunzwa na jeshi la mfalme, ikapambwa kwa ajili ya ziara ya mfalme. Hakuna anayemwambia Mskoti arudie blanketi.

Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, alitoa kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975. Mwaka 1983 yeye na Eric Hobsbawm wakahariri kitabu kingine, The Invention of Tradition, ambamo kilti ina sura yake na Afrika ya kikoloni ina yake. Kuhusu beni Ranger alibisha kwamba haikuwa kasuku wa wazungu. Watu walichukua sare na vyeo wakavitumia kwa mashindano yao na kusaidiana kwao. Wakoloni wenyewe waliiogopa, wakidhani kuna njama.

Leo Liuli iko Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mganda bado unapigwa. Kinachopungua ni mafundi wa yale malipenga ya vibuyu, na wazee wanaokumbuka vyeo vyote na maana yake. Mdau mwenye babu aliyekuwa na cheo kwenye mganda, iwe Liuli, Lituhi, Mbamba Bay au Likoma, tupia hapo chini kwenye maoni: kikundi kiliitwaje, na walivaa nini.