Kiti cha Mbele: Reli kwa Macho ya Dereva na Nchi Isiyo na Reli

Kata ya Litumbandyosi, wilayani Mbinga, ni nchi ya makaa ya mawe. Katika ukanda huohuo lipo bonde la Ngaka, ambako machimbo yalianza kuzalisha mwaka 2011, na makaa yake husafiri kwa malori: Songea, Namtumbo, Tunduru, Masasi, hadi bandari ya Mtwara. Treni haifiki huku. Imekuwa ikitajwa tangu enzi ya Wajerumani, waliopanga reli ya kusini kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa wasiijenge. Waingereza nao walijenga kipande cha kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mradi ulipoanguka, reli ikakosa mzigo, na miaka ya mwanzo ya 1960 ikafungwa. Leo upo mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, wenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, na urefu wake wote ni takriban kilomita 1,000.

Kwa hiyo mkazi wa Litumbandyosi anaijua reli kama mstari wa kwenye ramani. Mkutano wa kijiji unapoitishwa kuzungumzia ardhi, mstari huo ndio anaoonyeshwa, na mstari hauna tuta, hauna kalavati, hauna uzio, wala hauonyeshi mahali mama mwenye ndoo atakapovukia. Makala hii inadai kwamba kuna chombo rahisi cha kuziba pengo hilo, chombo ambacho wengi wanakihesabu kuwa burudani ya wapenda treni tu: video ya safari nzima iliyopigwa kutoka chumba cha dereva.

Tuanze na tofauti ya macho. Abiria hukaa ubavuni. Dirishani mwake nchi hupita upesi, miti ya karibu ikikimbia na milima ya mbali ikijikokota, na kitu kimoja asichokiona safari nzima ni reli inayombeba. Dereva yuko kinyume chake. Mbele yake zipo pau mbili za chuma, mataruma na kokoto, na nchi hujifungua pande zote mbili kadiri anavyoiendea. Abiria wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, anayepanda kutoka Mlimba kwenda Makambako hushtukia giza limeingia dirishani, kisha mwanga, kisha giza tena. Reli hiyo ina mahandaki 22, na mengi yake yako katika kipande hicho, pale njia inapolihama bonde la Kilombero kuzitafuta nyanda za juu. Dereva huliona handaki tangu mbali: tundu jeusi kwenye ukingo wa mlima, kisha kuta, kisha nukta ya mwanga inayokua polepole hadi kuwa nchi nyingine. Aliyelitazama handaki kwa namna hiyo anaujua urefu wake, na akili yake huanza kuuliza ni nani waliolichimba. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na baadhi ya Wachina waliofia kazi hiyo wamezikwa Gongo la Mboto.

Mtazamo huu wa mbele una historia katika Afrika Mashariki, nayo si ya kujivunia. Mwaka 1907 Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni wa Uingereza, alisafiri kwa reli ya Uganda akiwa amekaa kwenye benchi la bustani lililofungwa mbele kabisa ya kichwa cha treni, juu ya kile chuma kinachowasukuma wanyama kando ya njia. Miaka miwili baadaye Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikaa mahali hapohapo akielekea kuwinda. Wote wawili waliandika vitabu, na katika vitabu hivyo nchi inayoonekana kutoka kiti cha mbele imejaa wanyama na nafasi. Ni nchi inayomngoja mgeni. Reli waliyokuwa wakiteleza juu yake ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa. Kutoka benchi la Churchill mikono hiyo haikuonekana. Wala haikuonekana mipaka ya malisho ya Wamasai ambayo njia ilikuwa imeikata.

Kamera nayo ilifungwa mbele ya treni mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1890, sinema ikiwa bado changa, wapiga picha wa Marekani na Uingereza walianza kuitundika kwenye vichwa vya treni, na mwaka 1905 mjini Kansas City ulifunguliwa ukumbi uliotengenezwa kama behewa, watazamaji wakilipa ili wakae humo na kuitazama njia ikiwajia. Zaidi ya karne moja baadaye, Novemba 2009, televisheni ya taifa ya Norway ilionyesha safari ya treni ya Bergen hadi Oslo bila kuikatiza, zaidi ya saa 7, na watu wapatao milioni 1.2 wakaitazama walau kwa sehemu. Nchi ile wakati huo haikuwa na hata watu milioni 5. Waliotazama walikuwa wakiiona nchi yao kwa mpangilio wake halisi, kilomita baada ya kilomita, bila safari kufupishwa ili kubakiza mandhari nzuri na kuruka ghala bovu.

Hapo ndipo penye uzito. Filamu ya kawaida huchagua. Video ya chumba cha dereva, ikiachwa bila kukatwa, hailazimiki kuchagua: stesheni iliyofungwa imo, daraja jipya limo, njia ya kupishania iliyoota nyasi imo, na watoto wanaotembea juu ya mataruma kwenda shule wamo. Kwa sababu hiyo mashirika ya reli ya nchi kadhaa huzitumia video za namna hii kuwafundisha madereva kuijua njia kabla hawajakabidhiwa treni. Dereva wa treni hana usukani. Kazi yake ni kasi na breki, na treni nzito ya mizigo huweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, kwa hiyo ni lazima ajue kilichoko nyuma ya kona kabla ya kukiona. Kama video inatosha kumsaidia dereva kuijua njia, inatosha pia kumsaidia mwananchi kuijua reli.

Linganisha reli zetu mbili. Katika reli ya kati ya zamani, ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, chumba cha dereva huonyesha ujirani: vijia vinavyokatiza, mbuzi, wachuuzi, nyumba zilizosogea hadi kwenye tuta. Katika reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, treni ya mchongoko inapokimbia kwa kilomita 160 kwa saa dereva huona kitu kingine kabisa. Kuna nguzo na nyaya za umeme, uzio pande zote mbili, na watu wamepotea. Usalama unaudai uzio huo. Kwa kasi hiyo mbuzi mmoja ni hatari. Lakini uzio huigawa nchi, na maisha ya vijiji viwili vilivyokuwa kimoja hutegemea vivuko vilivyojengwa chini au juu ya reli. Mtu wa Litumbandyosi aliyekaa saa chache akiitazama njia ya Morogoro hadi Dodoma kwa macho ya dereva anaweza kuvihesabu vivuko hivyo mwenyewe. Anaweza kukadiria umbali kati ya kimoja na kingine, kisha akaenda mkutanoni na swali lenye namba. Ramani haimpi uwezo huo, na hotuba haimpi kabisa.

Jicho hili lina upofu wake, na asiyeukiri anapotosha. Kamera iliyotazama mbele huilaza milima. Mwinuko unaoifanya treni ihemewe huonekana kwenye skrini kama uwanda. Tarehe 24 Juni 2002, huko Dodoma, treni ya abiria iliserereka mlimani kinyumenyume na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kwa mtazamaji wa video mlima kama ule ni njia iliyonyooka tu. Uzito wa mabehewa hauonekani, hali ya breki haionekani, na kilichoko nyuma ya treni, ambacho siku ile ndicho kilichoua, hakimo kwenye picha. Kwa hiyo video bila maelezo ya mwinuko ni nusu ya elimu. Dawa yake haina gharama kubwa: kimo kutoka usawa wa bahari na kasi ya treni viandikwe pembeni mwa picha wakati wote, pamoja na namba ya kilomita.

Jambo jingine silifanyii mjadala. Dereva asiishike kamera. Simu mkononi mwa mtu mwenye abiria mamia nyuma yake ni kosa, hata kama picha inayotoka ni nzuri na watu wanaishangilia. Kamera ifungwe kwenye kioo na shirika lenyewe, iwashwe kabla treni haijaondoka, na izimwe baada ya kusimama.

Na muda si mrefu. Mwaka 2025 yalitiwa saini makubaliano ya kuikabidhi TAZARA kwa kampuni ya Kichina ya CCECC ili iikarabati na kuiendesha, kwa uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4 za Marekani. Ukarabati unahitajika, tena umechelewa. Lakini reli iliyojengwa na Nyerere na Kaunda ili Zambia iache kutegemea njia za kusini zilizoshikwa na walowezi ni kumbukumbu ya taifa, na sura yake ya nusu karne haitarudi baada ya mataruma kubadilishwa na stesheni kupakwa rangi mpya. Picha za sherehe tunazo. Tunachohitaji ni njia yenyewe, yote, kama madereva wetu walivyoiona kila siku.

Naiomba TAZARA, na Shirika la Reli Tanzania pamoja nayo, wafunge kamera kwenye vichwa vya treni na kupiga njia zao zote, mwanzo hadi mwisho, mara moja wakati wa masika na mara moja wakati wa kiangazi, na nakala zikabidhiwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Na siku wapima ardhi wa reli ya Mtwara watakapofika Litumbandyosi, waje na skrini na video hizo, wazionyeshe kijijini kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza.